Nani mwenye "Helule"?

Kaka, marehemu baba alikuwa akitupigia santuri ya "Helule Helule" ya Daudi Kabaka kila Krismasi. Juzi mpwa wangu kaja na simu yake, kanionyesha Wazungu wakiuimba wimbo huohuo, akashikilia kwamba Kabaka ndiye aliyeiga. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Tuamulie.
Dada wa Mbale, Vihiga

Dada, mwambie akupashie hiyo chai. Wimbo ni wa Kabaka. Hao Wazungu ni The Tremeloes wa Uingereza. Waliurekodi mwaka 1968, ukapanda hadi nambari 14 kwenye chati za kwao. Siku ukiipata santuri yao, usikimbilie kuipiga. Isogeze penye mwanga usome yale maandishi madogo chini ya jina la wimbo, panapotajwa watunzi: jina la Kabaka limo. Mimi santuri yoyote nikiiona pale Kibuye sokoni naanzia hapohapo, mikwaruzo nitaikagua baadaye.

Ila kwa habari ya kuiga, kijana asinyamazishwe kabisa. Twisti yenyewe, ule mtindo wa dansi ambao Kabaka aliupigia wimbo huo, ilitoka Marekani. Kabaka na wenzake wa Equator Sound Band kule Nairobi waliidaka, wakaitia ladha ya kwela, ule muziki wa mitaani wa Afrika Kusini. Bendini alikuwamo Fadhili William, na wale wawili wa Zambia, Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Kwa hiyo Waingereza walipouchukua "Helule", twisti ilikuwa inavuka bahari mara ya pili, safari hii ikiwa imeshajua Kiswahili.

Mimi bado nausikiliza wa Kabaka. Wale wengine wanachangamka, sikatai, lakini wana pupa. Gitaa la Kabaka linakungoja usimame, ujinyooshe shati, ndipo muanze.

Kwenye nyimbo za Abana ba Nasery nasikia mkwaruzo fulani, kwara-kwara, tangu mwanzo hadi mwisho. Ni ala gani?
Msomaji, Nakuru

Chupa ya Fanta! Ile ya kioo ya zamani, yenye mabonde-mabonde ubavuni. Enos Okola aliikwaruza huku Shem Tube na Justo Osala wakicharaza magitaa. Ni vijana wa Bunyore hao. Ukitaka kujaribu nyumbani, epuka chupa laini. Hiyo utaikwaruza mpaka majirani waje, na mdundo hupati.