Anayetaka dirisha alipe, mwenye mtoto mdogo aachwe

Swali la wiki hii lilikuwa: je, ni haki shirika la ndege la bei nafuu kuitoza familia ada ili ikae pamoja? Jibu langu fupi, ndugu mhariri, ni kwamba anayetaka kiti cha dirishani akilipie, lakini mtoto mdogo kukaa na mzazi wake si kitu cha kuuzwa. Jibu langu refu ni hili lifuatalo.

Nianze kwa kuwatetea wenye ndege, maana hutukanwa hata pale wasipostahili. Nauli ya chini inawezekana kwa sababu kila kitu kimetolewa ndani yake kikapangiwa bei ya peke yake: begi, chakula, kupanda mapema, kiti. Kijana anayesafiri na mkoba mmoja mgongoni halipii masanduku ya mwenzake, na hilo naliona ni sawa. Mwenye miguu mirefu anayetaka safu ya mlango wa dharura alipe. Anayetaka kukaa mbele ili awe wa kwanza kushuka naye alipe. Wala asidhani mtu kwamba hii ni tabia ya ndege za bei rahisi tu. Ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ya Novemba 2024 ilionyesha kwamba mashirika matano, yaani American, Delta, United, Frontier na Spirit, yalivuna dola bilioni 12.4 kutokana na ada za viti kati ya 2018 na 2023. Matatu ya kwanza katika orodha hiyo ni vigogo wa anga, si wachuuzi wa tiketi za bei ya kutupa.

Sasa tazama ada hiyo inavyomnasa mzazi. Ndege za kawaida za safari fupi, Boeing 737 na Airbus A320, zina ujia mmoja na viti vitatu kila upande. Theluthi ya viti ni vya kati, ambavyo hakuna anayevitamani. Wanaolipa huchukua madirisha na ujia. Asiyelipa husubiri mfumo umpangie, na mfumo humpa masalio. Si lazima pawe na njama yoyote hapo: masalio yenyewe yametawanyika, safu ya 8 kimoja, safu ya 15 kimoja, safu ya 26 kimoja. Mwaka 2017 kipindi kimoja cha BBC cha kutetea watumiaji kilisafirisha vikundi vidogo vya watu kwa ndege za Ryanair, shirika la bei nafuu la Ulaya, bila kulipia viti, na kila mmoja wao akaangukia kiti cha kati. Mtaalamu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Oxford alikadiria kwamba uwezekano wa jambo hilo kutokea kwa bahati tupu ni 1 kati ya milioni 540. Shirika lilishikilia kwamba viti hugawiwa bila mpango, na kwamba madirisha na ujia huwa vimeshachukuliwa na waliolipa.

Mabishano hayo yaliwafurahisha wengi, ila mimi sioni kama ndiyo kiini. Hata mfumo ukiwa mwaminifu kabisa, matokeo kwa mzazi ni yaleyale. Mtu mzima akitupwa peke yake safu ya 26 atafunga mkanda asinzie. Mwenye mtoto wa miaka minne hana nafasi ya kucheza bahati nasibu. Ndiyo maana ada inayoitwa ya hiari kwa wengine, kwake ni ya lazima, na anayeiweka analijua hilo. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Kwenye ukurasa wa kukata tiketi ndiye anayelengwa kwanza, kwa kuwa hawezi kukimbia.

Nyumbani kwetu jambo hili huleta ugomvi mdogo kila safari. Mume wangu hulipa mapema ili alale usingizi. Mimi hugoma kwa ajili ya msimamo, kisha usiku wa kuamkia safari ni mimi ninayekesha na simu mkononi nikifungua pasi za kupandia ndege moja baada ya nyingine kuona tumeangukia safu zipi. Atakayeniambia kwamba huo ndio uhuru wa mteja kuchagua, namkaribisha aje akeshe nami.

Lakini hoja yangu kubwa si usumbufu wa wazazi. Tukibaki kwenye usumbufu, shirika litajibu kwamba starehe hulipiwa, na litakuwa na haki. Hoja yangu ni usalama, tena wa ndege nzima.

Sikiliza tangazo linalosomwa kabla ya kila safari: barakoa za oksijeni zikidondoka, jivalishe yako kwanza ndipo umsaidie mtoto. Maelekezo hayo yana maana pale tu mtoto anapokuwa karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Katika kimo cha futi 35,000, hewa ikitoka ghafla ndani ya ndege, mtu hubaki na akili timamu kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Mzazi wa safu ya 26 hamfikii mtoto wa safu ya 8 kwa muda huo, na akijaribu ataanguka njiani. Kwa hiyo shirika linalowatenganisha limeshapanga kwamba mtoto huyo atavalishwa na mgeni aliyeketi karibu, bila kumwambia mgeni huyo kwamba amepewa kazi.

Au chukua moto baada ya kutua vibaya. Ili aina mpya ya ndege iruhusiwe kubeba abiria, ni lazima ithibitike kwamba ikiwa imejaa inaweza kuondolewa watu wote katika sekunde 90, tena nusu ya milango ikiwa haitumiki. Hesabu hiyo inategemea watu kutiririka upande mmoja kuelekea mlangoni. Mzazi ambaye mtoto wake yuko safu 18 mbele au nyuma hatatiririka na wenzake. Atasukumana nao, atapanda juu ya viti, na hakuna mhudumu atakayemzuia kwa maneno. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inaliona hilo: mwongozo wake unasema mtoto mdogo na mtu mzima anayesafiri naye wakae safu moja ikiwezekana, wasitenganishwe na zaidi ya ujia mmoja, na isipowezekana basi isizidi safu moja kati yao. Sababu inayotolewa ni kwamba watu wazima wanaowatafuta watoto wao wanaweza kuchelewesha utokaji wa abiria wakati wa dharura. Yule kijana wa mkoba mmoja, ambaye hana mtoto wala hataki kusikia habari za watoto, naye yumo kwenye foleni hiyohiyo ya kutoka.

Kuna na mambo madogo yasiyo ya kufa na kupona: mtoto anayetapika, asiyejua kufungua mkanda, mwenye mzio wa karanga anayepewa kitafunwa na jirani mkarimu. Kuhusu msichana wa miaka kumi aliyeketishwa kati ya watu wazima wawili asiowajua sitaandika kirefu. Kila mzazi ameshalifikiria.

Kisha yuko mtu wa tatu katika mkasa huu, ambaye husahaulika: abiria aliyelipia kiti chake akaombwa ahame. Mama amesimama kwenye ujia, mtoto analia, ndege nzima inamtazama yeye. Akikataa anaonekana hana utu. Mimi nasema ana haki kamili ya kukataa. Alinunua kiti, na shirika lilipokea pesa zake likijua umri wa kila mtoto aliyemo, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa hujazwa wakati wa kukata tiketi. Shirika lingeweza kumaliza jambo hili kimyakimya siku kadhaa kabla. Badala yake limewaachia mama, mgeni na mhudumu walimalize wenyewe mlango ukikaribia kufungwa.

Kwamba inawezekana, Kanada wameshaonyesha. Tangu 15 Desemba 2019 kanuni zao za ulinzi wa abiria zinasema mtoto chini ya miaka 5 akae kiti kinachopakana na cha mzazi au mlezi wake. Wa miaka 5 hadi 11 awe safu hiyohiyo, wasitenganishwe na zaidi ya kiti kimoja. Wa miaka 12 na 13 asiwe mbali zaidi ya safu moja. Yote bila malipo ya ziada. Shirika ama huwapangia viti kabla ya kuchekini, ama huwapangia kwenye kaunta au langoni, na likishindwa, ni lazima lenyewe liwaombe abiria wanaojitolea kubadilishana. Napenda kanuni hii kwa sababu haijifanyi kwamba mtoto wa miaka 13 ni sawa na wa miwili, na kwa sababu kazi ya kuomba imewekwa mabegani mwa shirika.

Marekani wamekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Bunge lao liliitaka wizara ya uchukuzi ilitazame suala hili tangu 2016. Kukawa na barua za kuyasihi mashirika, kukawa na jedwali la mtandaoni la kuonyesha nani ameahidi nini, na rasimu ya kanuni ikatolewa Agosti 2024. Hispania ilichukua fimbo: Novemba 2024 mashirika matano ya bei nafuu yalipigwa faini ya jumla ya euro milioni 179, na pamoja na suala la begi la mkononi, mojawapo ya makosa yaliyotajwa lilikuwa kuwatoza watu ili wakae na watoto wao au wategemezi wao.

Nitaongeza mfano ambao hautajwi sana. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya 2006 inalitaka shirika lifanye kila juhudi inayofaa kumpa msindikizaji wa mtu mwenye ulemavu kiti cha jirani yake. Mashirika yameishi nayo miaka yote hii na nauli za rahisi zikaendelea kushamiri. Mtu akiniambia kwamba kumkalisha mtoto na mzazi wake kutaua biashara, namwelekeza hapo.

Hoja ya gharama naiheshimu hata hivyo, maana kiti cha kati kilichotengewa familia pamoja na cha dirishani ni dirisha lisilouzwa. Basi tusiombe makuu. Hakuna aliyesema familia ikae mbele. Tupeni safu za mwisho kabisa, zile za karibu na choo, na wala hatutanung'unika. Tena anayehitajika ni mtu mzima mmoja tu karibu na mtoto, si baba, mama, shangazi na bibi wote safu moja. Wazazi wenzangu wanaotaka ukoo mzima upangwe pamoja bure wanaiharibu kesi yetu, na ninawaomba walipe.

Ryanair wenyewe wana utaratibu wa aina hiyo, wenye kasoro. Mtu mzima anayesafiri na mtoto wa chini ya miaka 12 analazimika kununua kiti, kisha hadi watoto wanne hupewa viti vya jirani bila malipo. Kuhusu usalama sina la kulalamika, maana mtoto hatupwi mbali. Lakini malipo ambayo mzazi hawezi kuyakwepa yalipaswa kuwa ndani ya bei ya kwanza anayoonyeshwa pale anapoandika kwamba ana mtoto, si kujitokeza kurasa kadhaa baadaye akiwa ameshachagua siku na saa. Bila hivyo hawezi kulinganisha shirika moja na jingine kwa haki, na anayeonekana rahisi kwake si lazima awe rahisi.

Linabaki suala la umri, na hapa sina uhakika kwamba kuna namba moja iliyo sahihi. Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, zote nimesikia zikitetewa kwa hoja nzuri. Binti yangu mkubwa ameshavuka zote na siku hizi huomba mwenyewe akae mbali nasi. Shirika likimpeleka huyo safu ya 26, halitapata barua kutoka kwangu.