Muulize Mwalimu: Mtihani wa kusikiliza chini ya mabati

Mwezi huu barua nyingi zimehusu Kiingereza cha sekondari. Nimechagua tatu. Ya kwanza imekula nafasi kubwa kwa sababu mwandishi wake aliambatisha makala aliyoisoma, karatasi yake ya maswali na majibu aliyoyasahihisha, na mimi nikiona karatasi ya maswali mkono huanza kutafuta kalamu nyekundu.

Mama Mwalimu, pokea salamu kutoka Busia. Nafundisha Kiingereza S2, yaani kidato cha pili, mikondo miwili, kila mmoja una wanafunzi zaidi ya 80. Muhula huu tuliambiwa tupime pia kusikiliza na kusoma, si kuandika tu. Nikachukua makala ya gazeti kuhusu bwawa la Jinja, nikaisoma kwa sauti mara moja, kisha nikawapa maswali 10. Katikati mvua ikaanza. Waliopata nusu ya alama hawafiki robo ya darasa. Siku iliyofuata nikawapa makala hiyo hiyo waisome wenyewe na maswali mengine, wakafaulu mno. Mwalimu mkuu anasema watoto wa siku hizi ni wavivu wa kusikiliza. Mimi naona kuna jambo jingine. Nikosoe bila huruma. — Mwalimu, Busia

Mwalimu mwenzangu, huruma umeniomba niiweke kando, naiweka.

Mvua kwanza, tuimalize. Mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, anayesikia ni wa benchi la mbele peke yake. Alama za siku ile zitupe. Usizirekebishe, usimwongezee kila mtoto tano za pole. Korea Kusini, siku ya mtihani wa kuingia chuo kikuu, ndege haziruki wala hazitui wakati watahiniwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza. Japani walipoingiza kusikiliza katika mtihani wao wa kitaifa mwaka 2006, kila mtahiniwa alipewa kifaa chake kidogo cha sauti na spika za masikioni. Sisi hatuna ubavu wa kumzuia rubani wa Entebbe, hata bodaboda wa langoni hatumwezi. Lakini saa ya mtihani tunaipanga wenyewe. Uweke asubuhi, usiuweke Aprili mchana, na kabla watoto hawajaingia, cheza sauti yako kisha nenda ukakae benchi la mwisho, karibu na dirisha. Usipoelewa wewe uliyeirekodi, ujue hakuna atakayeelewa. Halafu waulize kimyakimya walimu wa darasa kama kuna mtoto mwenye tatizo la masikio. Katika watoto zaidi ya 160 hutamkosa, na huyo akae mbele.

Sasa makala. Umewasomea habari za Speke kufika maporomoko ya Ripon mwaka 1862, Malkia Elizabeth kufungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954, bwawa kubadilishwa jina likawa Nalubaale, na malalamiko ya wavuvi juu yake, vyote kwa mkupuo mmoja. Makala ya gazeti huandikwa kwa ajili ya jicho. Sentensi ina vishazi vitatu, msomaji akipotea anarudi juu. Anayesikiliza hana pa kurudi. Hakuna mtu anayezungumza hivyo, hata waziri akiwa bungeni.

Na maswali. La kwanza linauliza mto Nile unaishia katika bahari gani. Mtoto aliyesoma jiografia atajibu hata akiziba masikio, na wengi walilipata, kwa hiyo ukadhani hapo walisikiliza. La 4 linauliza bwawa lilifunguliwa mwaka gani. Umesoma mara moja, makala ina miaka kadhaa, maswali hawajayaona, kalamu umewaambia waziweke chini. Hapo umepima kumbukumbu. Mimi mwenyewe ningechanganya. La 7 ni la kuchagua, na chaguo C lina mistari miwili wakati mengine yana neno mojamoja. Watoto wa S2 ni wajanja, jibu refu wanalinusa kutoka mbali.

La 9 ndilo lililonifurahisha: kwa nini wavuvi walilalamika? Jibu halimo katika vitabu vya jiografia, limo katika makala tu, na mtoto lazima aunganishe sentensi mbili zilizoachana. Hilo ni swali la kusikiliza hasa. Halafu ukaliharibu katika kusahihisha. Ulidai sentensi kamili, ukakata alama kwa kosa la wakati uliopita na nyingine kwa tahajia. Yuko mtoto aliyeandika maneno matatu yaliyoonyesha wazi kwamba ameelewa, akaambulia sifuri. Kuandika utakupima siku yake.

Muhula ujao fanya hivi. Tafuta kitu ambacho watu hukisikia kwa masikio: tangazo la mkutano wa wazazi, mzazi anabishana na mhasibu wa shule kuhusu salio la ada, abiria anamuuliza kondakta habari za gari. Msiandike neno kwa neno. Andikeni hoja tano au sita pembeni, wewe na mwalimu mwenzako mzungumze, mrekodi kwa simu. Mkikatizana kidogo, sawa, mkirudia neno, sawa, ndivyo watu wanavyoongea. Mtangazaji wa redio wa Kiingereza husoma maneno kama 150 kwa dakika, ninyi msizidi hapo. Dakika mbili zinawatosha S2.

Tuseme ni kondakta. Abiria anauliza gari la Mbale linaondoka lini. Kondakta anasema, saa nane, halafu anajishika: hapana, la saa nane ni la Soroti, la Mbale ni saa tisa na nusu, ila uje mapema maana viti vya mbele vimeshakatiwa tiketi. Swali: abiria ataondoka saa ngapi? Mtoto anayedaka namba ya kwanza ataandika saa nane. Anayefuata mazungumzo ataandika saa tisa na nusu. Hicho ndicho kipotoshi kizuri: kimetamkwa kweli, kinavutia, na si sahihi. Swali jingine: kwa nini aje mapema? Maneno mawili yanatosha kuonyesha ameelewa. Akikosea herufi za jina la mji lakini unalitambua, mpe alama yake.

Wape karatasi kabla ya sauti kuanza, dakika moja wasome maswali. Kisha cheza mara mbili. Najua kuna mabishano hapa. Mitihani ya Kiingereza ya Cambridge ya ngazi ya kati, B1, huwachezea watahiniwa mara mbili, lakini IELTS, mtihani wa Kiingereza wanaoufanya wengi wanaotaka kusoma nje, mara moja tu. Kwa S2 mimi niko upande wa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kuna kikohozi, kuna aliyeangusha rula, na sitaki kikohozi cha jirani kimpunguzie mtoto alama. Mikondo yote miwili isikie sauti ile ile moja. Ukisoma kwa mdomo, mkondo wa pili watapata mwalimu aliyechoka.

Kuna walimu watakaokushauri utumie imla, eti ndiyo kusikiliza. Imla ni mazoezi mazuri ya tahajia, lakini mtoto anaweza kuandika sentensi nzima bila kosa na asijue inasema nini.

Upande wa kusoma, kufaulu kwao kusikupe raha. Makala walishaisikia jana yake, na baadhi ya maswali yanajibika bila makala. Kuna njia rahisi ya kujua, nami bado huwashauri walimu wote waifanye: chukua maswali ya kuchagua, wape wanafunzi wa shule jirani bila kifungu. Ndiyo, bila kifungu. Watacheka, lakini watajibu. Swali likiwa na machaguo manne, kubahatisha kunawapa kama robo. Swali ambalo zaidi ya nusu wamelipata bila kusoma chochote, lifute. Halipimi kusoma.

Kwa madarasa makubwa na mashine ya kunakili isiyo na wino, jaribu pia kujaza mapengo. Njia hii ilitungwa na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953. Unachukua kifungu, unaacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la 7 bila kuchagua. Kinaenea ubaoni. Mtoto hawezi kujaza bila kufuata maana ya mbele na ya nyuma. Wengine hukubali neno la asili tu. Mimi hukubali lolote linalokaa vizuri, ingawa kusahihisha kunachukua muda na mtabishana na mwalimu mwenzako hadi chai ipoe.

Ukimaliza kusahihisha, toa karatasi 20 za juu na 20 za chini, uzilinganishe swali kwa swali. Ukiona swali ambalo wa chini wamelipata kuliko wa juu, kosa li ndani ya swali. Mara nyingi utakuta majibu mawili yote ni sahihi, na watoto makini ndio waliolichagua lile la pili.

Mwalimu mkuu mwambie hivi kwa adabu: karatasi ya mwisho ya UNEB, bodi ya mitihani ya Uganda, kwa Kiingereza ni ya kuandika, hakuna spika ukumbini. Kwa hiyo kusikiliza kusipopimwa shuleni, hakupimwi popote. Na kazi za shuleni sasa si mapambo. Tangu UCE (mtihani wa kidato cha nne) ya mtaala mpya, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2024, zinabeba asilimia 20 ya alama. Akitaka kuwaita watoto wavivu, kwanza akae benchi la mwisho mvua ikinyesha.

Mwalimu, mimi ni askari, familia iko kambini Jinja. Kijana wangu amemaliza S6, Kiingereza cha UCE alifaulu vizuri. Sasa chuo cha nje kinamtaka afanye IELTS. Huku si kumpima mtu mara mbili? Na sehemu ya kusikiliza ajiandae vipi? — Baba, Jinja

Afande, kabla ya kulipa chochote, kijana akiandikie chuo na kuuliza kama wanamsamehe mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza. Vipo vinavyosamehe. Wakikataa, basi. UCE haikuwahi kumpima kusikiliza, kwa hiyo si mara mbili.

Kusikiliza kuna sehemu 4 na maswali 40, kama nusu saa, na kila sauti inachezwa mara moja. Sauti ni za Waingereza, Waaustralia, watu wa Marekani. Kusoma ni saa moja, vifungu 3, maswali 40. Hapo juu nimemwambia mwalimu wa Busia asikate alama kwa tahajia. IELTS inakata, kwa hiyo kijana ajizoeze kuandika tarakimu, majina na tarehe kwa haraka bila kukosea. Swali likidai maneno yasiyozidi mawili, akiandika matatu amekosa hata kama jibu ni sahihi. Ninyi wa jeshini amri mnaielewa, msimamie hapo. Asikilize mazungumzo ya redio, si taarifa ya habari peke yake, maana msoma habari haongei kama watu. Na asifanye mapema mno: matokeo kwa kawaida huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2.

Mama Mwalimu, shikamoo. Niko S3, Arua. Kifungu nakielewa, lakini swali likisema "jibu kwa maneno yako mwenyewe", mwalimu anaandika "umenakili". Nikibadilisha maneno anaandika "umepotosha". Nifanye nini? Na muda unaniishia. — Mwanafunzi, Arua

Marahaba, mwanangu. Nadhani unafanya wanavyofanya wengi: unachukua sentensi ya kifungu, unaibadilisha neno moja moja kama mtu anayebadilisha matofali ukutani. Mwisho wake ukuta unapinda, na hapo ndipo unapoambiwa umepotosha.

Soma swali. Soma sehemu inayohusika. Kisha funika kifungu kwa kiganja, kabisa. Jiulize: nikimweleza dada yangu nyumbani, kwa Kilugbara au kwa Kiswahili, ningesemaje? Sema moyoni. Halafu liandike hilo kwa Kiingereza chepesi. Kwa kuwa huoni kifungu, huwezi kunakili. Ukishaandika, funua na uangalie kitu kimoja tu: hoja imo yote? Kifungu kikisema wakulima waliuza mahindi kwa hasara kwa sababu barabara ilikatika, na wewe umeandika waliuza kwa hasara tu, umeacha sababu, na alama imebaki hukohuko.

Majina ya watu na mahali, tarakimu, na maneno ya kitaalamu usiyabadilishe. Ukikuta malaria, andika malaria. Anayedai utafute neno jingine anakuonea.

Kuhusu muda, soma maswali kabla ya kifungu, ujue unatafuta nini. Usianze kifungu upya kwa kila swali. Weka alama ndogo ya penseli pembeni pale unapodhani jibu lipo, uendelee. Neno gumu moja lisikusimamishe. Maliza aya nzima, mara nyingi sentensi inayofuata inalieleza.

Kisha nifanyie jambo moja. Nitumie jibu moja ambalo mwalimu aliandika "umepotosha", pamoja na kifungu chenyewe na swali, bila jina la shule wala la mwalimu. Nitalisahihisha upya hapa, na sikuahidi kwamba nitakuwa upande wake.