Vidonge vya kurefusha maisha, au ufuta na mbaazi za nyumbani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi niko Nachingwea, Lindi. Baba yangu ana miaka 68, ana presha na anameza dawa za kliniki kila siku. Kuna muuzaji amepita na chupa za vidonge, anasema ndani yake kuna resveratroli na beta-karotini zilizokamuliwa kwenye mimea, na kwamba vinarefusha maisha. Anadai vyakula vyetu vya huku, muhogo, mbaazi na mboga za majani, havina viambata hivyo. Baba anataka kuuza gunia la ufuta avinunue. Ni kweli? Na viambata hivi vinafanya nini hasa mwilini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mzee asiuze ufuta wake.

Mmea hauna miguu ya kukimbia. Mdudu akija, ukungu ukiingia, jua likichoma, umesimama palepale, kwa hiyo unajitengenezea silaha zake ndani kwa ndani. Wewe uliyekulia kwenye mikorosho unazijua silaha hizo. Mafuta ya ganda la korosho yanayobabua vidole vya mbanguaji ni silaha. Tanini, inayolifanya bibo likabe koo, nayo ni silaha. Hivi ndivyo viambata tunavyovizungumzia: polifenoli za mbaazi, kunde na chai, karotini za embe, papai na mchicha, lignani za ufuta. Havikutengenezwa kwa ajili yetu. Vinatufaa au vinatudhuru kulingana na kiasi na namna tunavyopika.

Zamani tulifundisha kwamba vinaingia kwenye damu na kusafisha sumu, basi. Mambo hayaendi hivyo. Polifenoli nyingi hazifyonzwi kwenye utumbo mwembamba. Zinateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo wanazivunjavunja, na vile vipande vidogo ndivyo vinavyopenya kwenye damu. Huko baadhi yake huzichokoza seli kidogo tu, nazo zikawasha ulinzi wao zenyewe. Mengi ya haya yameonekana kwenye maabara na kwa wanyama. Kwa binadamu, tunachokiona ni kwamba watu wanaokula jamii ya kunde, karanga, korosho na mboga kwa miaka mingi hupata maradhi ya moyo kwa uchache zaidi. Lakini vyakula hivyo vina nyuzinyuzi na potasiamu pia, kwa hiyo sifa zote haziwezi kwenda kwa kiambata kimoja.

Ndiyo maana vidonge vinanitia wasiwasi. Huko Finland wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waliingizwa kwenye utafiti, baadhi yao wakapewa vidonge vya beta-karotini. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliomeza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Karotini ileile ya embe, ikitolewa kwenye chakula na kukolezwa, iliwadhuru. Kama mzee anavuta au aliwahi kuvuta sigara, chupa hiyo isiingie nyumbani kabisa. Na resveratroli, polifenoli inayopatikana kwenye zabibu? Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya wazee 783 wa eneo la Chianti, Italia, waliofuatiliwa kwa miaka 9. Waliokuwa na nyingi mwilini kutokana na chakula chao hawakuishi zaidi ya wengine.

Sasa turudi jikoni kwenu. Ufuta una lignani ziitwazo sesamini na sesamolini, na ukiukaanga, sehemu ya sesamolini hugeuka kuwa sesamoli, inayosaidia mafuta yake yasiharibike upesi. Ukaange mkavu, bila mafuta, mpaka punje zianze kurukaruka kwenye kikaango na harufu ijae jikoni, uepue mara moja kabla haujawa mchungu. Utwange kwenye kinu, utie vijiko viwili kwenye mchicha au majani ya maboga. Karotini ya mboga haifyonzwi vizuri bila mafuta, na ufuta unayo tele.

Mbaazi msizikoboe. Polifenoli zake nyingi zimo kwenye ganda, na zile za kahawia au nyekundu huwa nazo zaidi kuliko nyeupe. Tui liwe jepesi na chumvi iwe kidogo sana, kwa sababu ya presha yake.

Mabibo yanayoachwa yakaoza chini ya mkorosho baada ya korosho kunyofolewa huniuma kila msimu. Bibo lina vitamini C takriban mara tano ya chungwa! Yaosheni vizuri, hasa kama mikorosho ilipulizwa salfa au dawa nyingine, yakateni vipande, muyaweke juu ya mvuke dakika chache. Vitamini hupungua kidogo, lakini tanini nayo hupungua na bibo haliwi tena la kukaba.

Muhogo ndio wa kuuangalia sana. Muhogo mchungu una linamarini, kiambata kinachotoa sayanidi, sumu kali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu, uliwapata watu katika wilaya za Mtwara na Mbinga kwa sababu ya unga ambao sumu yake haikutoka vya kutosha. Kama hamna uhakika na unga, uloweshe kwa maji hadi ulowe wote, uutandaze safu nyembamba juani kwa muda wa saa 2, au kivulini kwa saa 5, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Sumu nyingi hutoka ikawa hewa. Kisamvu nacho kitwangwe mpaka kilainike, kwani kutwanga ndiko kunakoifungulia sumu njia ya kutoka, kisha kichemshwe sana bila kufunika sufuria. Aliyemwambia baba yako kwamba muhogo hauna viambata hajui anachokisema.

Jambo la mwisho ni dawa zake. Balungi, tunda zuri tu, lina viambata vinavyozuia kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, ikiwamo nifedipini. Dawa inazidi kwenye damu, presha inashuka kupita kiasi. Muulize daktari wa kliniki kama dawa ya mzee ni mojawapo. Kama muuzaji alishaacha chupa, nenda nayo, daktari aisome lebo. Na hata mzee akijisikia mzima kabisa kwa ajili ya mbaazi na ufuta, dawa za presha asiziache mpaka aliyemwandikia aseme.