Kugandisha meno yaliyong'olewa: inafaa, ila yasikauke
Daktari, umeuliza kama unaweza kuyagandisha meno yaliyong'olewa ukisubiri jaribio lako la gundi ya kushikiza vijazio vya meno: ndiyo, unaweza. Yakishang'olewa yaoshe damu papo hapo kwa maji yanayotiririka, yaloweke kwenye kloramini-T (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 0.5 kwa muda usiozidi wiki moja, kisha yahamishie kwenye maji yaliyokenekwa: ndani ya friji kwa nyuzi 4, au friza chini ya nyuzi -5. Ndivyo mwongozo wa ISO 11405, wa kimataifa kuhusu kupima gundi za meno, unavyoelekeza, na unataka yatumike kabla ya miezi 6 kupita. Ninachokiogopa zaidi ni ukavu. Jino likikauka hupata nyufa, na vipimo vyako haviaminiki tena. Formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, iepuke: inabadilisha kolajeni (nyuzi za protini) ya dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli. Na tafadhali sana, vaa glavu hata baada ya kuyeyusha. Baridi haiui vijidudu vyote.