Kabla hujachagua hanesi, pima nafasi iliyo chini yako

Karibu kila anayeniomba ushauri kuhusu vifaa vya kufanyia kazi juu huanza na swali moja kuhusu hanesi, ile mikanda inayovaliwa mwilini: ninunue ipi? Nami huuliza kwanza: utajifunga wapi, na ukianguka una mita ngapi kabla ya kugonga kitu? Wengi huwa hawajapima. Wameshaangalia rangi, bei na ulaini wa pedi za mabegani, lakini hawajui kama kamba watakayojifungia itawasimamisha kabla ya ardhi.

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mapaa, minara na majukwaa ya ujenzi, na sasa ni mimi ninayewachagulia wenzangu vifaa na kuvikagua. Mpangilio ninaoufuata ni huu: mahali pa kujifunga, halafu nafasi ya chini, halafu kamba, na hanesi mwisho kabisa. Ukianza na hanesi unaweza kutumia pesa nyingi ukabaki bila kinga yoyote ya kweli.

Tuanze na hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua kamba ya kawaida ya mita 2 yenye pakiti ya kufyonza mshtuko. Pakiti hiyo ni utepe uliokunjwa na kushonwa ndani ya mfuko. Ukianguka mishono yake inachanika kidogo kidogo, na kwa vifaa vya kiwango cha Ulaya cha EN 355 inaweza kurefuka hadi mita 1.75. Kutoka kwenye pete ya hanesi iliyo mgongoni, ambako kamba inafungwa, hadi nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza mita 1 ya tahadhari, kwa sababu hanesi nayo hunyooka na mwili hushuka ndani yake. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale ulipojifunga kwenda chini.

Sasa mweke mtu kwenye jukwaa lililo mita 4 juu ya ardhi, amejifunga kwenye bomba lililo usawa wa miguu yake. Akianguka, kamba itaanza kukaza nyayo zake zikiwa zimebakiza nusu mita tu kufika chini. Pakiti haitapata nafasi ya kutosha kufunguka. Kwa mtazamaji alikuwa amevaa kila kitu, tena amejifunga, lakini ataumia kama ambaye hakuvaa. Na asikudanganye mtu kwamba utawahi kushika kitu: ndani ya sekunde 1 mwili unaoanguka huru hushuka karibu mita 4.9.

Mtu huyohuyo akijifunga juu ya kichwa, mambo hubadilika. Kamba hulegea kidogo tu, anguko linakuwa fupi na mshtuko unapungua. Ndiyo maana ninasisitiza kujifunga juu kila inapowezekana, usawa wa mabega kama juu hapapatikani, na miguuni pale tu ambapo hakuna njia nyingine, vifaa vimetengenezwa kwa ajili hiyo na nafasi ya chini inatosha.

Pale nafasi isipotosha kuna njia mbili ninazozipenda. Ya kwanza ni kutoanguka kabisa. Kama ukingo wa paa uko mita 3 kutoka ulipojifunga, tumia kamba isiyoweza kukufikisha ukingoni. Hutaning'inia, hutahitaji kuokolewa, na hesabu yote ile ya juu inakuwa haina kazi. Nashangaa jinsi njia hii inavyosahauliwa, wakati kwenye paa tambarare ndiyo rahisi kuliko zote. Na bora zaidi kuliko hata hiyo ni vizuizi imara vya pembeni, kwa kuwa vinamlinda kila mtu bila kumtegemea akumbuke kujifunga.

Njia ya pili ni kifaa chenye kamba inayojirudisha. Unapotembea taratibu inatoka na kurudi, ukianguka kwa ghafla inajifunga kama mkanda wa gari. Umbali wa kusimama unakuwa mfupi sana ukilinganisha na kamba ya mita 2, mradi kifaa kiko juu yako. Lakini kina masharti yake. Ukisogea mbali kwa pembeni kisha ukaanguka, utabembea kuelekea chini ya kifaa, na ukuta au nguzo iliyo njiani itakupiga kwa nguvu. Tena si kila kifaa cha aina hii kimepimwa kwa matumizi ambapo kamba inalala juu ya paa na kukunjika kwenye ukingo mkali. Soma maelezo. Kama hayataji ukingo, chukulia kwamba hakikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Mahali pa kujifunga nako hakuhitaji kubahatisha. Kwa kazi za ujenzi, Marekani inataka sehemu inayohimili pauni 5,000, yaani kama kilonyutoni 22, kwa kila mtu aliyejifunga, isipokuwa mfumo mzima umesanifiwa na mtaalamu. Kiwango cha Ulaya cha EN 795 hupima vifaa vya kujifungia vya chuma vya mtu mmoja kwa kilonyutoni 12. Hata nguvu ndogo kati ya hizo inalingana na uzito wa zaidi ya tani moja. Bomba la maji, mfereji wa paa, reli ya ngazi au nondo iliyochomoza havikuwekwa kwa ajili hiyo. Ukiwa na shaka usijifunge hapo, muulize mhandisi.

Sasa hanesi. Kitu cha kwanza: usikubali mkanda wa kiunoni kama kinga ya kuanguka. Katika kazi za ujenzi Marekani ilipiga marufuku matumizi hayo kuanzia tarehe 1 Januari 1998, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuona mwili unavyokunjika: nguvu yote inakwenda kwenye tumbo na uti wa mgongo, au mtu anachomoka kabisa. Mkanda wa kiuno una kazi yake, ya kukushikilia kwenye nguzo ukiwa na mikono huru, lakini hapo lazima uwe na kinga nyingine pembeni.

Hanesi ya mwili mzima hugawa mshtuko kwenye mapaja, nyonga, kifua na mabega. Kwenye lebo tafuta EN 361, au ANSI Z359.11 kwa zile za viwango vya Marekani. Kwenye hanesi za EN 361, pete zinazoruhusiwa kusimamisha anguko zina herufi A. Ukiona A/2, maana yake kuna sehemu mbili ambazo lazima ziunganishwe pamoja, moja peke yake haitoshi. Pete za ubavuni ni za kujishikilia unapofanya kazi, kamwe si za kusimamisha anguko. Nimewaona mafundi wazoefu wakifunga kamba ya kuanguka hapo kwa sababu ni karibu na mkono, na kila mara nawasimamisha.

Ijaribu mwilini kabla ya kulipa, ukiwa na nguo za kazi. Pete ya mgongoni ikae katikati ya mabega. Ikishuka kiunoni, mabega hayajakazwa au saizi si yako. Mkanda wa kifua uwe katikati ya kifua, usipande shingoni. Kwenye mapaja, kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na paja, lakini ngumi isipite. Chuchumaa, inua mikono, pinda. Kisha, ukipata nafasi salama, ning'inia kidogo nyayo zikiwa karibu kabisa na sakafu na mtu akiwa pembeni yako. Msimamizi aliyenifundisha kazi alitulazimisha sote kufanya hivyo, na nami huwafanyia hivyo vijana wangu, kwa kuwa dakika chache tu za kuning'inia zinaeleza mengi zaidi kuhusu mkanda wa mapaja kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Wanawake hasa wasikubali kupewa saizi ya mwanamume ikazwe mpaka itoshe. Zipo hanesi zilizokatwa kwa maumbo yao.

Uzito nao uhesabiwe ukiwa na zana, helmeti na viatu. Vifaa vingi vya Ulaya hupimwa kwa uzito wa kilo 100, na baadhi ya watengenezaji huandika kiwango cha juu zaidi. Mtu wa kilo 95 mwenye mfuko wa zana za kilo 15 ameshavuka 100.

Kama kazi yako ni ya kuchomelea, nailoni na poliesta za kawaida zitatobolewa na cheche; tafuta hanesi na kamba zenye nyuzi za aramidi, zinazostahimili joto. Kwenye asidi, nailoni huharibika upesi, poliesta huvumilia zaidi.

Kuhusu kulabu na karabina, yaani pete za chuma zenye mlango wa kufungua, nunua zile zinazojifunga zenyewe na zinazohitaji vitendo viwili au zaidi kuzifungua. Kwa majukwaa ya mabomba chagua kulabu zenye mdomo mpana. Usifunge fundo kwenye kamba ili kuifupisha, kwa sababu fundo linaweza kuondoa karibu nusu ya nguvu yake. Usiunganishe kamba mbili zenye pakiti ili kupata urefu. Na kama una kamba ya miguu miwili, yaani iliyogawanyika matawi mawili yenye kulabu, ule mguu usiotumika uweke kwenye kishikizo maalumu kinachoachia kikivutwa. Ukiubana kwenye pete ya chuma ya nyonga, wakati wa anguko unaweza kuizunguka pakiti isifunguke, na mshtuko wote ukaja mwilini mwako.

Helmeti iwe na mkanda wa kidevu. Zile za viwandani za EN 397 kwa kawaida zina mkanda unaoachia kwa nguvu ndogo, ili usikunyonge kofia ikinasa. Zile za EN 12492, zilizotokana na upandaji milima, zina mkanda unaoshikilia zaidi wakati wa kuanguka. Kwa kazi za juu mimi huchagua hizi za pili.

Kitu ambacho karibu hakuna anayeniuliza ni nani atakayekushusha. Mtu aliyening'inia bila kusogeza miguu anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache, damu ikibaki miguuni. Nunua vitanzi vya kukanyagia vinavyofungwa kwenye hanesi, ni vya bei ndogo, vinakuwezesha kusimama huku ukisubiri. Lakini havitoshi. Kabla kazi haijaanza, wawili au watatu walioko pale wajue nani anafanya nini, kwa kifaa gani, na wawe wamekijaribu. Kutegemea kwamba kikosi cha uokoaji kitafika si mpango. Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi juu akiwa peke yake kwenye kazi ninayoisimamia.

Vya mitumba sinunui na sikushauri ununue, hata viwe safi namna gani. Hujui kama viliwahi kusimamisha anguko, na kifaa kilichosimamisha anguko kinatolewa kazini hapohapo. Niliwahi kuletewa mzigo wa hanesi zilizoonekana mpya lakini lebo zimefutika, nikaurudisha wote; bila tarehe ya kutengenezwa na namba ya utambulisho huwezi kufuatilia chochote. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vitambaa na kamba, ila jua kali na kazi ngumu huufupisha sana.

Kagua mwenyewe kila kabla ya kuvaa: pinda utepe kwa vidole uone nyuzi zilizokatika, tazama mishono, ambayo kwa kawaida hushonwa kwa rangi tofauti ili kasoro ionekane, bonyeza kila bizimu na karabina. Mtu mwenye ujuzi akague rasmi angalau kila miezi 12 na aandike. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, anika kivulini. Usiandike jina kwa rangi au kalamu ya wino mzito juu ya utepe wenyewe. Na unapokitupa kifaa, kikate vipandevipande kwanza, ili mtu asikiokote jalalani akapanda nacho.