Kabla ya Kumpeleka Kijana Kiwandani

Mgeni katika kazi hii ya kuwatafutia ajira vijana waliofunzwa akiniambia ataanza kwa kuwaandikia barua wakurugenzi, namwomba aiweke barua kando kwanza. Nimefundisha vijana wa Mukuru na Korogocho kazi za taka na mazingira hapa Nairobi, na kilichonitoa jasho kuliko kufundisha ni kuwatafutia waajiri. Anza na msimamizi wa zamu. Yeye ndiye atakayekuwa na kijana wako tangu saa moja asubuhi, na neno lake ndilo litakalomweka au kumtoa.

Kundi langu la kwanza lilikuwa la vijana watano, nikawapeleka kiwanda kimoja cha kusaga chupa za plastiki kule Eneo la Viwanda. Walikuwa na vyeti. Wangeweza kukueleza mabadiliko ya tabianchi, na kwa nini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017. Siku ya tatu nikapigiwa simu nikawachukue. Msimamizi alinipokea langoni bila hasira. "Mwalimu, vijana wako wana adabu," alisema. "Lakini chupa hawaijui."

Akanipeleka kwenye meza ya kuchambulia. Chupa za maji na soda ni plastiki iitwayo PET, yenye namba 1 chini ya kitako. Mitungi ya sabuni na mafuta mara nyingi ni plastiki ya aina nyingine, HDPE, namba 2. Vikichanganyika hivyo viwili, tangi la maji litakuokoa, maana vikishasagwa HDPE huelea na PET huzama. Hatari ni plastiki ya aina ya tatu, PVC, namba 3. Hiyo nayo huzama pamoja na PET, kwa hivyo maji hayakusaidii. PET huyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 260. PVC haifiki huko salama, huungua, ikatoa asidi na kuacha madoa meusi. Kipande kidogo kinaharibu mzigo ambao watu wamechambua siku nzima. Vijana wangu walikuwa wakitupa kila kilichong'aa upande mmoja.

Nilirudi nikaifumua silabasi. Tukanunua gunia la chupa mchanganyiko kutoka kwa wachambuzi wa jaa la taka la Dandora, na mama mmoja aliyezichambua kwa miaka mingi akaja kutufundisha kuzitambua kwa mguso na kwa mlio zinapominywa. Tulimlipa kama mkufunzi. Wewe pia mlipe mtu wa namna hiyo, kwa sababu ni mkufunzi kweli.

Kwa hivyo ukifika kiwandani, usiulize "mna nafasi ngapi?" Uliza mfanyakazi wa mwisho kuachishwa aliachishwa kwa nini. Jibu hilo ni nusu ya kozi yako. Mimi nimejibiwa: alichelewa, aliogopa mashine, hakujua kujaza daftari la mizani. Sijawahi kujibiwa kwamba hakuyapenda mazingira.

Usimwendee mwajiri kama mfadhili, kwa sababu anayekuchukulia watu kwa huruma atawaacha biashara ikibana. Ana mahitaji yake halisi. Sheria ya taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, kwa hivyo hoteli, maduka makubwa na viwanda vinahitaji watu wanaojua kutenganisha. Pia mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo, Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, unaosimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, na kuna utaratibu wa kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Wengi hulipa wakasahau. Ukimkumbusha hilo, atakusikiliza kwa sikio jingine.

Jambo la kuumia kazini liandikwe kabla ya siku ya kwanza. Mwanagenzi asiye na mshahara akikatwa mkono na mashine, nani atamlipa? Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 ipo, lakini usingoje ajali ndipo mbishane kama kijana wako ni mfanyakazi au mgeni. Buti na glavu pia, nani ananunua? Na zamu ya usiku ikiisha, msichana wa Mukuru atarudi nyumbani na nani? Nimekataa nafasi nzuri kwa sababu swali hilo la mwisho lilikosa jibu, na ningekataa tena.

Vijana wanaofunzwa kufunga umeme wa sola wana njia yao: kampuni iwe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na kijana wako afanye kazi chini ya fundi mwenye leseni hadi apate yake. Hapo usilegeze.

Wakishaingia, piga simu siku ya tatu, kisha wiki ya pili. Mpigie msimamizi, si ofisi ya wafanyakazi. Yule aliyenirudishia watano alinipigia mwenyewe baadaye, akitaka wachambuzi wawili kufikia Jumatatu. Nilikuwa na mmoja aliyekuwa tayari. Wa pili bado alikuwa anachanganya namba 1 na 3. Nikampa jina moja, nikamwomba wiki mbili zaidi kwa huyo mwingine, naye akaningoja.