Kubadilisha saketi ndani ya FPGA inayofanya kazi: anza na mpaka

Vijana wanaotaka kubadilisha sehemu ya saketi ndani ya FPGA (chipu ambayo saketi yake hupangwa kwa faili la usanidi) bila kuizima huniuliza kwanza namna ya kupakia faili jipya. Hilo ndilo jambo jepesi kuliko yote. Kwenye Zynq-7000, chipu ya FPGA ninayoitumia zaidi, njia za ndani zipo mbili: PCAP, mlango wa usanidi unaoendeshwa na prosesa za ARM zilizomo humohumo, na ICAP, unayoiendesha kwa saketi yako mwenyewe. ICAP hupokea biti 32 kwa kila mpigo wa saa. Kwa MHz 100 hiyo ni hadi MB 400 kwa sekunde. Faili la XC7Z020 nzima, mojawapo ya chipu za Zynq-7000, ni kama MB 4, na la eneo dogo, yaani sehemu ya chipu uliyoitenga kwa mabadiliko, ni KB mia chache tu, linaingia ndani ya milisekunde chache. Kazi iko kwenye yale yanayotokea mpakani, pale eneo hilo linapokutana na saketi isiyobadilika, katika milisekunde hizo.

Chukua kamera. Picha zinaingia, zinapita kwenye kichujio, zinakwenda kwenye kumbukumbu, kisha kwenye skrini. Unataka kutoa kichujio kinachotafuta kingo na kuweka kinacholainisha picha. FPGA ya aina hii huweka usanidi wake kwenye seli za SRAM, kumbukumbu inayoandikika upya, kwa hiyo unapoziandika upya, saketi ya zamani haiagi. Inavunjwa kipande kwa kipande, na waya zinazotoka humo zinaweza kutoa lolote. Waya ya "data iko tayari" inaweza kupanda yenyewe, na ya "andika" vilevile. Upande wa pili hauna habari, unapokea takataka na kuihifadhi kana kwamba ni picha.

Takataka angalau utaiona. Kibaya zaidi ni kimya. Tuseme prosesa imeomba, kupitia basi la AXI (njia ya pamoja inayounganisha prosesa na saketi), kusoma rejista, yaani kihifadhi kidogo cha thamani, iliyomo ndani ya kichujio, na kichujio kikaondolewa kabla ya kujibu. Jibu haliji tena. Linux, inayoendeshwa na prosesa hiyo, inaganda yote: herufi unazoandika kwenye dirisha la siriali hazirudi, mtandao umekatika, na keneli haijatoa hata mstari mmoja wa malalamiko, kwa kuwa prosesa imekwama kwenye amri moja ya kusoma. Watu huanza kuchimba kwenye draiva. Bodi ikifa namna hiyo mara tu baada ya kubadilisha sehemu, mimi siigusi draiva, naenda mpakani moja kwa moja.

Ndiyo maana nashauri mpaka uchorwe kabla hujaandika hata kichujio cha kwanza. Kila waya inayotoka ndani ya eneo iwe na lango la kuishikilia kwenye hali salama wakati wa mabadiliko. Kwa ishara sahili, geti moja la AND, linalopitisha ishara pale tu unapoliruhusu, linatosha. Kwa AXI halitoshi, maana anayesubiri jibu bado anasubiri. Hapo unahitaji lango linalojibu kosa badala ya kunyamaza. Xilinx, watengenezaji wa Zynq, ambayo tangu 2022 iko chini ya AMD, inatoa saketi zilizo tayari kwa kazi zote mbili, sioni sababu ya kujiandikia ya kwako.

Utaratibu wangu ni huu: nazuia maombi mapya, nangoja yaliyokwisha kuanza yamalizike, nafunga lango, napakia, natoa riseti ili saketi mpya ianze kwenye hali inayojulikana, nafungua lango. Kungoja ndiko kunakorukwa, kwa sababu mezani mambo huenda sawa hata bila kungoja, pale basi linapokuwa halina shughuli.

Riseti nayo isiachwe kwa bahati. Kwenye familia ya 7 ya Xilinx, ambamo Zynq-7000 imo, Vivado, programu yao ya kutengenezea saketi, inaweza kurudisha rejista za eneo lako kwenye thamani za mwanzo, lakini kwa sharti kwamba eneo lijipange, juu na chini, na mipaka ya kanda za saa, yaani sehemu ambazo chipu imegawanywa kwa ajili ya kusambaza mpigo wa saa. Usipotimiza sharti hilo, usitegemee thamani ulizoandika kwenye kodi. Mimi huweka riseti yangu hata sharti linapotimia.

Halafu ukubwa. Eneo ni kama chumba kwenye nyumba ya kupanga: hupimwa kwa mpangaji mwenye vyombo vingi kuliko wote, na mlango haupanuliwi akishaingia. Usihesabu LUT, vipande vidogo vya mantiki, peke yake. Kichujio kinachohitaji DSP nyingi, vipande vya kuzidisha namba, kinaweza kukosa nafasi ilhali LUT zimebaki tele, kwa sababu DSP na BRAM, vipande vya kumbukumbu, zimepangwa kwa safu na eneo lako huenda limeangukia pasipo na safu ya kutosha. Waya za mpakani ziwe zilezile kwa vichujio vyote, kwa hiyo acha kadhaa za akiba.

Ukitengeneza upya sehemu isiyobadilika, tengeneza upya na mafaili yote madogo ya eneo. Waya za sehemu hiyo zinaweza kupita ndani ya eneo lako, na faili la wiki iliyopita litazikata bila kukuuliza. Amri ya pr_verify ya Vivado, inayokagua kama matoleo yanalingana, ipo kwa ajili hiyo, iweke kwenye skripti.

Wengi, kusema kweli, hawahitaji haya yote. Vichujio viwili vikitosha pamoja kwenye chipu, viweke vyote na kichaguzi katikati. Utabadilisha kwa mpigo mmoja wa saa. Kazi hii inalipa pale chipu ni ndogo kuliko mahitaji, au pale upande mmoja haupaswi kukatika kabisa, kama kwenye seva za F1 za Amazon zenye FPGA, ambako sehemu inayoshika PCIe, muunganisho na kompyuta, ilibaki na saketi ya mteja ikabadilishwa.

Ukiamua kuendelea, usipime kwa kubadilisha mara moja huku ukitazama skrini. Andika skripti ya kubadilisha kichujio huku na huko usiku kucha, kamera ikiwa imewashwa na programu nyingine ikisoma rejista ovyoovyo, na chapa muda kila baada ya badiliko, ili bodi ikiganda saa tisa usiku ujue ilikuwa kwenye hatua gani.